Ushuhuda Uliolainishwa

Nchi ya Upoleni haimo katika ramani yoyote, na aliyekwishafika huko hana haja ya kueleza alipitia wapi. Yatosha kusema kwamba Naelijwa alifika, siku ya Ijumaa asubuhi, akiwa na sanduku moja na barua ya wazee wa kanisa la kwao. Barua ilisema kwamba mchukuaji ni mkalimani wao, kwamba wamesikia huko Upoleni watu wa lugha kumi na moja husali pamoja na kila mmoja husikia kwa lugha yake bila mtu kusimama katikati, na kwamba wanaomba aonyeshwe mtambo wa akili mnemba unaofanya kazi hiyo, ili arudi awaambie kama nao wauchukue.

Yaani walimtuma akamkague mrithi wake, na hawakuona haya. Naelijwa aliliona hilo, akafunga sanduku lake. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amesimama kushoto kwa mhubiri, anapokea sentensi moja moja na kuigeuza, mpaka magoti yakaanza kumgomea. Alikwenda Upoleni akiwa ameshaamua kuuchukia mtambo, na uamuzi huo hakumwambia mtu.

Langoni alipewa visikizi viwili, vidude vidogo vya kuchomeka masikioni, vinavyoziba sauti za nje na kuleta ya mtambo tu, hata kwa anayehubiriwa kwa lugha yake mwenyewe. Karani alimweleza sheria bila kuinua uso. Visikizi huvaliwa kanisani, sokoni na barazani. Anayevivua mbele za watu hukalishwa benchi la nyuma Jumapili tatu, na akirudia, husindikizwa mpakani.

"Kazi yako, mama?"

"Mkalimani."

Karani akaweka kalamu chini. "Hapa kazi hiyo haipo. Tuna Sheria ya Midomo, inayokataza mtu kumfasiria mwenzake kwa kinywa; anayeivunja husindikizwa mpakani. Wakalimani wetu wa zamani tuliwafanyia karamu, tukawapa vyeti vya shukrani, tukawaomba wanyamaze. Nikuandike nani?"

"Andika unavyoona."

"Nitakuandika Msikilizaji," karani akasema. "Huwezi kukosea ukiwa msikilizaji."

Jumapili yake ya kwanza Naelijwa alikaa safu ya nne. Kanisa lilikuwa kubwa, safi, limejaa watu, na ukimya wake ulimshangaza. Hakuna aliyemsalimu jirani. Watu walitabasamu, wakainamisha vichwa, wakangoja. Kisha mhubiri akafungua kinywa, na Naelijwa akasikia Kiombo, lugha ya bibi yake mzaa mama aliyetoka katika milima ya nchi hiyo, Kiombo safi kisichokwama wala kukohoa. Mhubiri mwenyewe alikuwa akisema Kirema, lugha ya watu wa bondeni, ambayo Naelijwa aliijua kwa kazi.

Mbele yake alikaa bibi kizee wa Kisangi. Kisangi kimebaki na watu wasiotimia arobaini, na katika maisha yake yote bibi huyo hakuwahi kuhubiriwa kwa lugha aliyobembelezwa nayo utotoni. Sasa alikuwa akihubiriwa. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta, na kila baada ya muda aliitikia kwa sauti, peke yake, kama mtu anayezungumza na mgeni aliyemtembelea nyumbani. Kando ya nguzo walikaa viziwi watano wakisoma mahubiri kwenye ubao wa kioo, na mmoja wao alicheka mahali pa kucheka pamoja na watu wote.

Naelijwa aliona wivu, na wivu ule ulimuuma. Kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kumfanyia mtu hata mmoja jambo lile. Kwao walikuwapo watu wa lugha ndogo waliokuwa wakikaa nyuma, wakisimama watu wakisimama na kukaa watu wakikaa, naye alikuwa amewapita kila Jumapili akidhani ukimya wao ni unyenyekevu. Chuki aliyokuja nayo ikapungua nguvu.

Lakini mkalimani ana tabia moja ambayo haimtoki. Hawezi kustahimili maneno asiyoyasikia kutoka kwa mwenyewe. Chini ya kilemba chake, bila hata kukusudia, alilegeza kisikizi cha sikio la kushoto.

Sikio la kushoto likamletea sauti ya mhubiri jinsi ilivyotoka. Mhubiri alikuwa amekasirika. Alikuwa akipiga mimbari ngumi, akiwaita kwa vyeo vyao watu waliohamisha mipaka ya mashamba ya wajane, akisema kwamba Mungu anawaona na kwamba siku yao inakuja. Sikio la kulia, kwa sauti tamu, likasema: Ndugu wapendwa, tuwakumbuke majirani wenye mashamba, kwa maana kila mpaka ni mahali pa kukutana.

"Amina," waumini wakasema. Waliohamisha mipaka walisema kwa sauti kubwa zaidi.

Naelijwa akadhani amesikia vibaya. Akaendelea kutega. Moto wa milele ukamfikia sikio la kulia kama mahali pasipo na kivuli cha kutosha. Mhubiri, jasho likimtoka, aliwatazama watu wake wakitabasamu, akapiga ngumi tena, akavunjika moyo, akaketi.

Ulikuwa Mwezi wa Shuhuda. Katika mwezi huo mtu yeyote huruhusiwa kusimama na kusema lililo moyoni mwake mbele ya kanisa. Alisimama mzee mmoja Mrema, mwembamba, shingo imekauka, vumbi la mawe limemganda kwenye mikunjo ya mikono. Jina lake Mzee Kiruvi. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Kwa sikio la kushoto Naelijwa alimsikia akisema: "Mimi nilikuwa mlinzi wa machimbo. Kazi yangu ilikuwa kupuliza filimbi kabla ya kulipua mwamba. Siku aliyokufa Sefora, binti wa Mama Ndolwa, sikupuliza. Nilikuwa nimelewa, nimelala. Kisha nikaapa mbele ya baraza kwamba nilipuliza, na kwamba msichana alikuwa kaidi, hakutaka kuondoka. Nilisema uongo. Mama Ndolwa, nimemuua mwanao na nimelichafua jina lake."

Kwa sikio la kulia: "Namkumbuka Sefora, binti wa Mama Ndolwa, kwa upendo. Siku ile machimbo yalikuwa kimya, nami nauthamini ukimya. Alikuwa msichana mwenye msimamo. Mungu ambariki mama yake."

"Amina," kanisa likaitikia.

Mwanamke aliyekaa kando ya Naelijwa, Mwombo wa makamo mwenye shuka la bluu, alikuwa akifuta macho na kutabasamu kwa pamoja. Alimwinamia mgeni, akamnong'oneza kwa Kiombo, na hakukuwa na haja ya mtambo. "Mama huyo anayemtaja ni mimi. Mzee yule ana roho nzuri. Huu mwaka wa nne anamkumbuka mwanangu, na wengine wote walishamsahau. Kila mwaka akishuhudia, mimi humpelekea kikapu cha mbaazi."

Naelijwa alikuwa bado ameshika mdomo kwa kiganja.

Kesho yake alikwenda kuonana na Mkuu wa Masikio, afisa anayesimamia mtambo. Alimkuta ni mtu mpole, amekonda kwa kazi, mwenye ofisi isiyo na pambo lolote. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo maofisa wa nchi nyingine wangepaswa kwenda kujifunza.

"Unachosema ni kweli," akajibu. "Tuna madaraja saba ya ulaini. Sasa tuko la sita. Kila lalamiko lilipoletwa kwamba neno fulani limemwumiza mtu, tulipandisha daraja moja."

"Na wakilalamika kwamba umezidi?"

"Hawajalalamika. Tangu tulipofika daraja la nne sijapokea barua hata moja ya lawama. Zote ni za shukrani."

"Barua hizo zinakufikiaje?"

"Kupitia mtambo, kwa kuwa zinaandikwa kwa lugha kumi na moja."

Alisema hivyo bila hata dalili ya mzaha. Naelijwa alimtazama ili aone kama maneno yake mwenyewe yamemgusa, akaona hayajamgusa. Barua za watu wenye hasira zilikuwa zimepangwa kabatini nyuma yake, kila moja na muhtasari wake wa shukrani umebandikwa juu.

"Usinione mjinga," Mkuu akasema. "Kabla ya mtambo, Warema na Waombo walipigana ndani ya kanisa lile kwa sababu ya neno moja la mhubiri mgeni. Benchi zilirushwa. Mwanamke mmoja alipoteza jicho, na mwanamke huyo ni dada yangu. Tangu mtambo uanze kulainisha hakuna hata kofi. Na huyo Mama Ndolwa unayemsema, leo analala usingizi. Unataka nikamwamshe nimwambie nini? Mwanawe atafufuka?"

Jicho la dada lilimwelemea Naelijwa.

"Na jambo jingine," Mkuu akaendelea, tena kwa upole. "Mtambo ulipoletwa hapa ulikuwa mkavu. Ulifasiri kila kitu kama kilivyo, matusi kwa matusi, kilio kwa kilio. Sisi tuliufundisha adabu. Tuliufundisha kwa kanda za wakalimani wetu wa zamani, Jumapili za miaka ishirini. Ukawasikiliza jinsi walivyokuwa wakipunguza hapa, wakinyoosha pale, wakimeza neno la mzee mwenye hasira. Ukajua kwamba hiyo ndiyo kazi. Daraja la kwanza la ulaini halikutoka kwangu mimi, mama. Lilitoka kwenu. Au wewe hujawahi kulainisha?"

Aliwahi. Miaka kumi na moja iliyopita, kwao, katika kikao cha kusuluhisha ndugu wawili, mkubwa alikuwa amesema kwa kilugha cha kwao, "Huyu nimemtupa, asije hata kwenye maziko yangu." Naelijwa alimgeukia mdogo, aliyekuwa amelelewa mjini na lugha hiyo haijui, akamwambia, "Kaka yako anaomba apewe muda." Watu walimsifu kwa busara. Mdogo akangoja muda huo miaka sita, akituma salamu kila sikukuu, mpaka akafa akingoja. Naelijwa alikuwa amelala na sifa ile kwa raha zake zote. Sasa, katika ofisi ya mtu mwingine, ndipo alipoiona ilivyo, na aibu ikampanda mpaka usoni.

Aliaga akatoka.

Siku ya pili yake, saa tisa alasiri, Mzee Kiruvi alibisha hodi nyumba ya wageni. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kiti, akavua visikizi vyake na kuvifunika kwa bakuli lililokuwa mezani. Naelijwa akavua vyake, akaviweka humohumo.

"Jumapili nilikuona," mzee akasema kwa Kirema. "Nilipokuwa nasema, watu wote walitabasamu isipokuwa wewe. Ulishika mdomo. Nikajua mama huyu amenisikia. Miaka minne nangoja nimwone mtu ashike mdomo. Niambie, Mama Ndolwa anasikia nini?"

Naelijwa akamwambia, neno kwa neno.

"Mwaka wa kwanza aliponiletea mbaazi," mzee akasema, "nililia siku nzima. Nilisema, hakuna duniani mwanamke mwenye moyo kama huu. Mwaka wa pili nikaanza kuogopa. Hivi kweli mama anaambiwa hivyo, halafu anakuletea chakula? Mwaka wa tatu sikuweza kuzila, na kumrudishia sikuweza. Mama mgeni, nimekula chakula cha yule mama kwa kumdanganya, na wala sikumdanganya mimi. Utanisaidia?"

"Kuna Sheria ya Midomo."

"Ipo."

"Nikivunja watanisindikiza mpakani, na kanisa letu halitapewa mtambo. Na mtambo huo, mzee, nimeuona ukimfanyia bibi wa Kisangi jambo ambalo mimi siwezi. Kwetu kuna watu kama yeye."

"Basi usifanye," Mzee Kiruvi akasema, na hakusema kwa hila. "Mimi nilitaka tu kujua." Akavichukua visikizi vyake, akaondoka.

Siku zilizofuata Naelijwa alizipitisha vibaya. Alianza ripoti yake mara tatu. Aliandika sifa za mtambo, na zote zilikuwa za kweli. Aliandika makosa yake, nayo yalikuwa ya kweli, na kila alipofika kwenye makosa aliona yamefanana naye. Angeweza kuwaambia wazee wa kanisa wauchukue mtambo na kuufundisha upya. Lakini ungefundishwa kwa kanda zipi? Kanda zilikuwa zake.

Jumapili, wakati wa shuhuda ulipofika, Mzee Kiruvi hakusimama. Alikaa mahali pake, mikono kati ya magoti, mtu aliyekwisha kukata tamaa. Naelijwa ndiye aliyesimama. Alivua visikizi vyake mbele ya watu wote, akapita kati ya benchi, akamshika mzee mkono, akamleta mpaka safu ya nne kwa Mama Ndolwa. Mnong'ono ukaanza. Kule mbele Mkuu wa Masikio aliinuka.

"Mama Ndolwa," Naelijwa akasema kwa Kiombo, akimwonyesha kwa mkono, "vua hivyo."

"Ni kosa, dada."

"Ni kosa, ndiyo. Vua. Huyu mzee ana neno lako, na bado hujalisikia."

Mama Ndolwa alimtazama mzee, ambaye uso wake ulikuwa umeharibika kwa hofu. Pengine ni uso huo uliomshawishi. Akavivua, kimoja kimoja, akavishika kiganjani.

Mzee akavua vyake, akasema, na Naelijwa akageuza. Nilikuwa mlinzi. Nilikuwa nimelewa, nimelala. Sikupuliza filimbi. Niliapa uongo. Binti yako hakuwa kaidi. Hakuongeza wala hakupunguza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha kwa ukavu wake.

"Mwambie arudie," Mama Ndolwa akasema.

Akarudia.

"Kwa hiyo mwanangu hakuipa filimbi kisogo."

"Hapakuwa na filimbi," Naelijwa akafasiri.

Mama Ndolwa aliweka mkono kifuani. "Miaka minne," akasema, "miaka minne kila jioni namwombea Sefora asamehewe ukaidi wake. Nilikwenda machimboni nikawaomba radhi wasimamizi kwa usumbufu alioleta. Nilimlaumu. Maiti yangu mwenyewe niliilaumu." Kisha akamwinulia mzee uso, na maneno yaliyomtoka yalikuwa mafupi. "Mwambie simsamehe. Mwambie natamani angelala yeye chini ya yale mawe."

Kanisa lote lilikuwa limetega, na visikizi vikaliletea maneno matamu tu. Watu wawili wa zamu walikuwa wameshafika kwenye safu ya tatu. Naelijwa alimgeukia mzee, na papo hapo, bila kuitafuta, sentensi laini ikamjia ulimini, tayari, imeshanyooshwa. Anasema ameumia sana. Anaomba apewe muda. Ilikuwa sentensi nzuri, na mzee yule alikuwa anatetemeka, na hakuna mtu hata mmoja humo ndani ambaye angejua.

"Anasema hakusamehe," Naelijwa akasema. "Anasema anatamani ungelala wewe chini ya yale mawe."

Mzee Kiruvi alifumba macho. "Ni maneno yake?"

"Ni yake."

"Yote?"

"Yote."

"Mwambie nami natamani hivyo."

Naelijwa akamwambia. Mama Ndolwa akaanza kulia, si kile kilio cha kutabasamu cha Jumapili iliyopita. Kilikuwa kilio cha msibani, chenye sauti, na bibi wa Kisangi aliyekaa mbele alichomoa visikizi vyake ili akisikie vizuri, akageuka, akaanza kulia naye, asijue analia nini. Mzee Kiruvi alisimama mbele yao hajui aweke wapi mikono yake. Watu wa zamu wakamfikia. Mmoja alimshika bega kwa upole wote wa nchi ile, akaanza kumvuta kuelekea mlangoni, na mwingine akamshika Naelijwa mkono.

"Mwacheni hapo," Mama Ndolwa akasema, akijifuta uso kwa shuka. "Bado sijamaliza kusema naye."

Visikizi viliwaambia jambo tamu lisilofanana na uso wake; wakavilegeza, wakamtazama wasielewe. Basi Naelijwa akawafasiria kwa Kirema, na mkono wake bado umeshikwa. Wakaachia. Mama Ndolwa akasogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya kumtosha mtu mmoja mwembamba, na mzee akaketi asikie yaliyobaki.